Kofia ya Zege na Siku Nilizonyamaza

Kati ya asubuhi zote za maisha yangu ya ujenzi, mwanangu, iko moja ya Jumanne ninayoikumbuka mpaka mahali nilipoweka miguu. Nilisimama kando ya lundo la mchanga, hatua kama ishirini kutoka mlango wa karakana mpya ya chuo chetu. Mahali hapo nilikuwa nimepachagua siku mbili kabla. Nilipachagua kwa sababu palikuwa mbali.

Wenzangu walisimama karibu na mlango wakicheka. Walikuwa na beseni la maji tayari. Na chini ya zege, nyundo mkononi, alikuwa rafiki yangu.

Acha nikueleze kwa mpangilio, maana wewe unayeanza mwaka wa kwanza wa ufundi ndiye ninayekuandikia, na sitaki uruke hatua hata moja.

Vita vya mwaka wa themanini na sita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyotangulia. Chuo kilikuwa Kampala, kwenye mteremko upande wa Naguru. Mabati yake yalikuwa yameporwa, milango ikageuzwa kuni, na kuta zilikuwa na matundu ya risasi. Zoezi letu la kwanza la kupiga lipu lilikuwa kuyaziba matundu hayo. Ndivyo tulivyosoma: tulijifunza kujenga kwa kukijenga upya chuo chenyewe. Wanafunzi thelathini, nyundo tatu, pima maji moja. Kila kikundi kilipewa kipande cha jengo, na kipande hicho ndicho kilikuwa mtihani wake. Kikiharibika, kikundi kizima kinarudia mwaka.

Kikundi chetu cha watu wanane kilipewa kofia ya mlango wa karakana. Kofia ni jina letu la bamba la zege linalotoka ukutani juu ya mlango ili kuzuia mvua na jua. Ukutani limeshikwa, lakini upande wa nje halina nguzo, linakaa hewani. Letu lilitoka futi tano na urefu wake ulikuwa futi ishirini. Zege likishamiminwa hukaa siku ishirini na nane juu ya kitanda cha mbao kilichoinuliwa na nguzo za mikaratusi, halafu nguzo zinaondolewa na kofia inabaki yenyewe.

Mwalimu wetu aliitwa Wasswa. Uashi alijifunza jeshini akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko kambini, kimenyooka na kifupi. Darasani alitumia Kiingereza na Kiganda, lakini kwenye ujenzi, ambako tulikuwa tumechanganyika watu wa kila upande, aliongea Kiswahili ili asibaki mtu nyuma. Kiongozi wa kikundi alikuwa Musafiri, kutoka Bunia, nchi ambayo siku hizo iliitwa Zaire. Alikuwa na mabega mapana na sauti kubwa, na sikuwahi kumwona amenuna. Mimi, Wafula, niliitwa Profesa.

Jina hilo nililipata hivi. Baba yangu alitoka Bungoma akaja Kampala kabla sijazaliwa, akafanya kazi ya duka pale Mengo. Vita vilinikatizia shule mapema. Nilichokosa darasani nikaamua kukitafuta mwenyewe. Kwenye vibanda vya vitabu vya Wandegeya, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliuza vile walivyomaliza navyo, nilipata kitabu cha ujenzi kisicho na jalada. Nilikisoma kwa kamusi, kurasa nne kila siku, bila kuruka. Nilijivunia sana huko kutoruka. Wenzangu waliponiona na kitabu wakati wa chakula walisema, "Profesa, leo umejenga ghorofa ngapi humo ndani?" Nilicheka nao, lakini moyoni niliona nastahili kuitwa hivyo.

Kwa sababu nilisoma, Mwalimu Wasswa alinipa kazi ya nondo. Nilitakiwa kuhakikisha kila nondo iko mahali pake kabla na wakati wa kumimina zege, kisha niandike kwa chaki kwenye ubao wa pembeni: sawa. Nondo kubwa za kofia zilitakiwa kukaa juu, inchi moja tu chini ya uso wa zege. Ili zisishuke, unakunja vipande vidogo vya nondo kuwa viti, unavipanga chini yake, nazo zinavikalia. Mwalimu alisema viti arobaini. Nilikunja kumi na vinane.

Si kwamba nilikuwa mvivu, mwanangu, ingawa ningependa sababu iwe hiyo, kwa maana uvivu unatibika haraka. Nilikunja kumi na vinane kwa sababu kitabu changu, kwenye kurasa nilizokuwa nimefika, kilieleza kwamba bamba la zege likibeba mzigo hupinda katikati, upande wa chini ndio unaovutika, na kwa hiyo nondo za maana hukaa chini. Picha ilikuwepo. Nikaelewa, na nilipoelewa nikamwona mwalimu wangu kama mzee anayerudia mazoea ya jeshini. Nondo za juu, nikajiambia, ni za kuzuia nyufa ndogo tu.

Siku ya kumimina, watu walipita juu ya nondo na matoroli ya zege. Viti vyangu vichache vilipinduka. Niliona kwa macho yangu nondo zikizama, kwanza moja, halafu safu nzima upande wa kulia. Musafiri aliniita kutoka upande wa pili, "Profesa, iko muzuri huko?" Nikainua mkono. Zege likafunika. Mwalimu Wasswa alikuwa chini akipima mchanganyiko, aliniuliza kwa sauti, "Nondo?" Nikajibu, "Sawa, mwalimu." Nikachukua chaki nikaandika.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada nilikaa kwenye chumba changu Wandegeya na kurasa zangu nne. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro wa bamba linalotoka ukutani na kubaki hewani. Mstari wa nondo ulichorwa juu.

Nilidhani ni kosa la uchapaji. Nikasoma maelezo mara tatu na kamusi. Halafu nikasimama, nikanyoosha mkono mbele, nikachukua dumu la maji na kulishika huku mkono umenyooka. Jaribu wewe mwenyewe. Utasikia mahali panapovutika: ni juu, begani, wala si chini. Mkono ulianza kutetemeka, na kabla haujachoka nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu. Tulikuwa tumejenga mkono usio na mshipa wa juu. Ungekaa vizuri juu ya mbao zake kwa siku zote ishirini na nane, na siku nguzo zingetoka, ungevunjikia begani, wote kwa pamoja, bila kuinama kwanza.

Zilibaki siku kumi na sita.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Wasswa. Alikuwa ananoa tindo. Hakuinua kichwa.

"Wewe nataka nini?"

"Nilitaka kuuliza, mwalimu, kama tuendelee kumwagia kofia maji."

"Mwagia."

"Asubuhi na jioni?"

"Wafula, ni kitu gani hii nauliza mimi? Zege nakunywa maji, hapana kunywa maneno. Kwenda mwagia."

Nikaenda nikamwagia. Kila asubuhi na kila jioni nilipanda ngazi na kumwaga maji juu ya kosa langu, kwa uangalifu mkubwa, na wenzangu wakanisifu. Musafiri alisema mbele ya wote, "Mwangalieni Profesa, anatunza hii kofia kama bibi yake."

Usiniulize kwa nini sikusema Jumanne. Nimejiuliza mwenyewe miaka mingi, na naweza tu kukuambia jinsi ilivyokuwa. Jumatatu kosa lilikuwa la nondo. Jumanne lilikuwa la nondo na la kunyamaza siku moja. Kila siku iliyopita, jambo la kuungama liliongezeka, na kinywa kikawa kizito zaidi. Nilifikiria barua ya mchungaji iliyonipatia nafasi pale. Nilifikiria wenzangu saba wakirudia mwaka kwa ajili yangu. Nilifikiria jina la Profesa. Nikajitafutia matumaini: labda nondo hazikuzama sana, labda saruji ilikuwa nyingi. Nikajipangia kusema Ijumaa, halafu baada ya Ijumaa, halafu siku moja kabla. Siku moja kabla ilipofika, nilipanga kuugua.

Sikuugua. Nilikwenda. Nilijiambia kwamba nikiona dalili nitapiga kelele, na kwa hiyo ni bora niwepo. Lakini ukweli nimekwisha kukupa mwanzoni: nilichagua kusimama kwenye mchanga.

Chuoni kwetu kulikuwa na desturi. Aliyeongoza kumimina ndiye anayeingia chini kuondoa nguzo. Kofia ikisimama peke yake, wenzake wanammwagia beseni la maji kichwani, na tangu hapo anahesabiwa fundi, hata kabla ya cheti. Tuliita kubatizwa. Kwa hiyo asubuhi ile ilikuwa ya furaha kwa kila mtu isipokuwa mimi. Mkuu wa chuo alikuwa amekuja na kiti chake. Mwalimu Wasswa alisimama ubavuni mwa kofia, karibu na ukuta, mikono nyuma.

"Musafiri!" mmoja wetu alipaza sauti. "Leo utaoga, hata kama kwenu Bunia maji mnaogopa!"

"Kwetu tuko na ziwa," Musafiri alijibu akiingia chini. "Nyinyi muko na beseni."

Watu wakacheka. Kulikuwa na safu mbili za nguzo, tano nje na tano karibu na ukuta. Unaanza na za nje. Kila nguzo imekalia kabari mbili za mbao. Unagonga kabari kidogo, nguzo inalegea, unaitikisa kwa mkono. Ikitikisika, maana yake zege limekwisha kujibeba. Unakwenda kwenye nyingine.

Musafiri aligonga kabari za nguzo ya kwanza. Akashika nguzo, akatikisa. Haikutikisika.

Akagonga tena, kabari zikarudi nyuma kiasi cha upana wa kidole. Akatikisa. Ilikuwa imekaza kama mwanzo.

Mwanangu, hiki ndicho kitu ambacho nataka ukijue kwa mikono siku moja, lakini leo kijue kwa kusoma. Nguzo iliyolegezwa ikabaki imekaza ina maana moja. Zege limeshuka pamoja nayo. Kofia haijibebi. Imekalia ile nguzo kwa uzito wake wote, na inaifuata inakokwenda.

Wengine hawakulijua hilo; ilikuwa kofia yetu ya kwanza. Mimi nililijua kwa sababu nilikuwa na siku kumi na sita za kulifikiria. Mwalimu Wasswa bila shaka alilijua, lakini macho yake wakati huo yalikuwa kwenye ukuta, si kwenye nguzo.

"Hii mti inanipenda," Musafiri alisema kutoka chini. "Haitaki kuniacha."

"Mwambie una mke!" mtu akajibu, na vicheko vikapanda tena. Musafiri akarudisha nyundo nyuma kwa mikono miwili, akaipiga kabari pigo zito. Kabari ikaruka. Nguzo ikaanguka upande. Mchanga mwembamba ukamiminika kutoka pembe ya kofia, ukamwangukia begani. Akaupangusa, akasogea kwenye nguzo ya pili.

Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba nimefungua kinywa.

"Musafiri, acha! Toka! Nondo ziko chini!"

Kila mtu aligeuka kunitazama mimi, na hilo lenyewe lilikuwa la kutisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitazama kofia. Isipokuwa mwalimu. Yeye hakugeuka. Aliinua mkono mmoja, akaweka kidole mahali zege linapokutana na ukuta, juu. Baadaye niliona alichokuwa amekigusa: ufa mwembamba kama uzi wa timazi, umetoka pembeni ukafuata ukuta futi sita hivi.

"Wote ludi nyuma," alisema. Hakupaza sauti. "Musafiri, hapana kimbia. Weka nyundo chini. Chini, hapana tupa. Sasa toka upande yangu, polepole."

Musafiri aliinama, akaweka nyundo ardhini kama mtu anayeweka yai. Akatoka. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini alikuwa bado hajaelewa. Alinitazama kule nilikokuwa, kwenye mchanga, akatazama mahali alipokuwa amesimama yeye, kisha akanitazama tena. Nadhani ndipo alipoelewa.

"Wafula, kuja hapa," mwalimu akasema.

Nikaenda. Hatua ishirini zile sijawahi kutembea nyingine ndefu kama hizo.

"Nondo iko wapi?"

"Ilizama, mwalimu. Siku ya kumimina. Viti vilikuwa kumi na vinane."

"Wewe najua tangu lini?"

"Niliona siku ile ile. Ila kwamba ni hatari, nilijua siku ya kumi na mbili."

Mkuu wa chuo alikuwa amesimama, akianza kusema jambo juu ya kufukuzwa, na mwalimu akamwomba kwa Kiganda, kwa heshima zote, asubiri kidogo. Halafu akaokota ile nguzo iliyoanguka, akanipa ncha moja.

"Hii lazima ludi mahali yake. Ikibaki hivi, jua ikipasha, inakuja yote na ukuta. Tunaingia wewe na mimi. Wewe kwa sababu ulijua. Mimi kwa sababu sikupanda kuangalia."

Tukaingia.

Chini ya kofia kulikuwa na kivuli na harufu ya mbao mbichi. Tuliisimamisha nguzo. Mwalimu alipiga magoti kupanga kabari, mimi nikashika nguzo wima. Chembe za zege zilidondoka kwenye kola yangu, moja, halafu mbili, halafu zikakoma, na kukoma kwake kuliniogopesha zaidi. Aliniambia nigonge kabari kutoka upande wangu huku yeye anagonga upande wake.

"Piga kidogo. Kama mtu nagonga mlango ya mukubwa."

Nikagonga. Nyundo ikateleza ikapiga nguzo. Juu yetu kitu kililia, mlio mfupi kama wa kiti kikikaliwa.

"Mbao tu," alisema mwalimu. Jasho lilikuwa linamtoka kidevuni. "Piga tena."

Tulipiga zamu kwa zamu, yeye moja, mimi moja, mpaka nguzo ikakaza. Kisha akaenda nguzo ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, na kila moja ambayo Musafiri alikuwa ameigusa au hajaigusa tukaikaza upya. Sijui tulikaa dakika ngapi. Tulipotoka, jua lilinipiga usoni, nikakaa chini mbele ya mkuu wa chuo bila kuombwa.

Mchana huo mwalimu alinipandisha juu na tindo. Wote walitazama. Nilichimba tundu dogo upande wa kulia, kutafuta nondo ambayo ilitakiwa kuwa inchi moja chini. Inchi moja, hakuna. Mbili, hakuna. Niliikuta kwenye inchi ya tano, na bamba zima lilikuwa inchi sita. Mwalimu aliingiza kijiti kwenye tundu lile, akakitoa, akaonyesha kila mwanafunzi mahali kijiti kilipofika.

Kofia tuliivunja kwa mikono kutoka juu, kipande kwa kipande, nguzo zote zikiwa mahali pake. Ilichukua siku kumi na moja. Hakuna aliyefukuzwa. Mwalimu Wasswa aliandika kwenye taarifa yake kwamba msimamizi hakukagua nondo, jina lake kwanza, langu la pili. Kikundi kilipewa nafasi ya kumimina tena na kikapita. Mimi nilirudia mwaka, peke yangu, na hilo mwenyewe niliomba.

Katika siku zile za kuvunja, mwalimu aliniambia maneno machache tu, tukiwa tumekaa juu ya vifusi tukila mihogo.

"Kitabu yako nzuri. Soma. Hata mimi ningependa soma hivyo. Lakini kitabu hapana kaa chini ya zege. Mtu ndiyo nakaa."

Kukemea kwake kuliishia hapo. Kwa Musafiri haikuwa hivyo. Siku tatu alivunja zege karibu nami bila kunena, yeye ambaye hata akifunga viatu alikuwa akiongea. Siku ya nne aliweka nyundo chini.

"Ndugu yangu, kukosea, minaelewa. Kuogopa mwalimu, minaelewa. Nakuuliza moja. Siku zote wewe unasimama karibu na mimi. Siku ile, juu ya sababu gani ulisimama mbali?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Nilisema, "Nisamehe." Akasema, "Nimesamehe," na nadhani alisema kweli. Tuliendelea kusalimiana kila asubuhi. Lakini hakuniita Profesa tena, wala hatukucheka pamoja tena, na alipomaliza chuo akarudi kwao sikupata habari zake. Nimejenga mengi tangu hapo, mwanangu, na ule urafiki ni kitu kimoja ambacho sikupata njia ya kukisimamisha upya.

Sasa nisikilize vizuri.

Utakosea. Katika mwaka wako wa kwanza utakata mbao fupi, utachanganya zege bovu, utapima kwa upande wa sentimita palipotakiwa futi. Mafundi wote wamepita huko, na mwalimu wako anategemea hivyo. Kosa la kazi, likisemwa siku ile ile, ni saa chache za jasho. Ningesema siku ya kumimina, zege likiwa bado bichi, tungeinua nondo kwa mikono kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo sema saa ile ile, hata kabla hujapata maneno mazuri ya kusema. Sema vibaya, sema ukitetemeka, lakini sema. Usingoje kuwa na ujasiri, kwa maana nakuhakikishia kwamba kila siku unayongoja unaupoteza uliokuwa nao.

Ukielezwa jambo na fundi mzee na kitabu chako kikasema jingine, usimdharau mmoja wao. Muulize mzee mbele ya kitabu, na ukisome kitabu mpaka mwisho kabla hujaamua kwamba mzee hajui. Mimi niliamua nikiwa katikati.

Usiandike "sawa" kwa chaki, wala kwa kalamu, juu ya kitu ambacho hukukigusa. Na siku utakapokuwa msimamizi, panda ngazi ukaangalie mwenyewe, hata kama aliyekujibu unampenda na unamwamini. Mimi leo nina watu kumi na wanane chini yangu, na napanda. Wananicheka kwamba mzee haamini watu. Nawaacha wacheke.

La mwisho ndilo zito. Ukijikuta unachagua mahali pa kusimama, unahesabu hatua kati yako na kazi ya mikono yako, basi umekwisha kujua ukweli wote. Hapo usitafute ushahidi mwingine. Nenda ukamtoe mtu aliye chini.

Mungu akupe mikono imara na ulimi usiochelewa. Akupe walimu watakaoweka majina yao mbele ya lako siku ya lawama, na akupe moyo wa kufanya hivyo kwa wengine zamu yako ikifika. Watu walale, wale na kulea watoto chini ya kila utakachokijenga, miaka na miaka, bila kuwahi kuinua macho kukitazama kwa hofu. Amina.